Bloki ya Léopold

Clémence alifundisha fizikia katika sekondari yetu ya Bagira. Mimi nilifundisha Kifaransa chumba cha pili, somo lisilohitaji kitu ila mdomo, na wangu haujawahi kukauka. Yeye alihitaji vyombo, na vita ya 1996 ilivibeba vyote, hata bomba la maji. Wezi wa bomba la maabara sijui walikwenda kuoga wapi.

Vita hiyo hiyo ilimchukua mumewe Léopold, seremala, aliyekwenda Nyangezi kutafuta mbao asirudi. Yeye ndiye aliyeranda meza ya maabara, pamoja na bloki ya mti ya kuvutwa juu yake, vitu pekee ambavyo wezi waliviacha. Siku ya kwanza alivuta mwenyewe kwa kamba, mkewe akisoma mizani: bloki na mzigo wake kilo tano, mvuto kilo mbili. Mbili ukigawa kwa tano, msuguano ni sifuri nukta nne. Clémence aliiandika namba hiyo pembeni mwa ubao, na baada ya Léopold kupotea hakuna aliyethubutu kuifuta.

Mwaka 1999, mji ukiwa mikononi mwa waasi, tukaambiwa kuwa sekondari isiyo na majaribio ingefungiwa darasa la fizikia. Wanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho wangelazimika kwenda Nguba, kupita vizuizi vya askari asubuhi na jioni. Wazazi wa wasichana walisema wazi kwamba mabinti zao wangebaki nyumbani. Clémence aliacha kula vizuri. Akaazima mizani ya kuning'iniza ya muuza nyama, ambayo alama yake ya kwanza ilikuwa kilo mbili, akajaribu kuvuta bloki: mbili kamili, kama zamani.

Siku ya ukaguzi wanafunzi walipokea mgeni kama walivyolelewa. Walifagia, wakaweka maua, na Bibiane, kiongozi wa darasa, akaleta nta ya kung'arisha viti vya kanisa. Akaisugua meza mpaka ikang'aa. Clémence hakuambiwa kitu.

Inspekta Edouard aliketi mbele, uso umekunjamana. Clémence akafunga mizani kwenye bloki.

"Musisome pa kuanza," aliwaambia wanafunzi. "Pale inakataa kwanza. Mungoje itembee pole pole, ndio musome."

Akavuta. Bloki ikateleza bila ubishi, na mshale haukufika hata alama ya kwanza. Nilikuwa mlangoni nikitazama.

"Maman, mizani yako inasema nini?" inspekta aliuliza.

Clémence alipitisha kidole mezani, akakinusa: nta. Akamtazama Bibiane, ambaye alikuwa ameanza kulia, lakini hakumgombeza.

"Meza iko na cire, Papa inspecteur. Mulete matofali, muzigo uongezeke mpaka mushale ufike."

Wakapakia matofali, wakapima bloki na mzigo wake kwa mizani ile ile: kilo ishirini. Akavuta tena, taratibu. Mshale ukatulia kwenye nne. Nne kwa ishirini. Clémence akaenda ubaoni. Kisha akaifuta namba ya Léopold kwa kiganja, akaandika sifuri nukta mbili. Mimi nilitaka kumzuia, Mungu anajua.

Inspekta akatoa kalamu.

"Ningeona ile quatre inabaki pale, ningefunga," alisema, akionyesha kwa kalamu pale nne ilipofutwa. "Fasi zingine jibu iko tayari mbele ya bloki kutembea. Hapa munapima. Batoto babaki."

Watoto walipiga makofi mpaka vumbi likashuka darini. Inspekta alipoondoka, Clémence alikaa kwenye benchi, kiganja bado cheupe kwa chaki, hataki kukipangusa. Bibiane alimsogelea, akaanza kuomba msamaha.

"Umefanya vizuri, mugeni anapokelewa," Clémence alimwambia. "Ila kesho mulete sabuni na maji ya moto, mutoe cire yote. Ninataka quatre ya bwana yangu irudie."