Shangazi Sindano na Kesi ya Kinyozi

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Sindano, si kwa ushonaji bali kwa ulimi. Watu wa manispaa walipokuja kuchora alama ya X kwenye ukuta wa chumba chake cha kushonea, aliwauliza, "Mmepiga hodi?" Wakacheka. Mmoja akamjibu, "Mama, kibanda hakipigiwi hodi."

Lo! Bora wangemtukana. Alifunga kazi palepale, akanikokota mimi mtoto wa kaka yake hadi kwa wakili. Hakutaka makubwa: kabla hawajambomolea, wamwite wamsikilize. Si katiba inasema kila mtu asikilizwe?

"Inasema," wakili akajibu. "Lakini kuna kesi ya kinyozi."

Kinyozi huyo tulimjua, mzee wa pale karibu na stendi. Zamani alibomolewa kibanda, akashtaki, akashindwa. Mahakama ya juu kabisa ikaamua kwamba mwenye kibanda si lazima asikilizwe. Tangu hapo, ukipeleka kesi ya kibanda mahakama yoyote ya chini, wanakusomea uamuzi ule, unarudi nyumbani. Mkubwa akishasema, mdogo hapingi, na kesi zinazofanana ziamuliwe sawa, isiwe leo hivi kesho vile. Utaratibu mzuri, sikatai. Ila wakubwa wakikosea, kosa linarithiwa kama shamba.

"Mwanya upo," wakili akasema. "Chumba chako kina msingi wa saruji. Tutasema hiki si kibanda, kwa hiyo kesi ya kinyozi haikuhusu. Tunashinda hapahapa chini."

Nikapiga makofi. Shangazi akanikata jicho.

"Na jirani yangu muuza mkaa? Na yule wa mitumba? Wale wana mabati matupu. Nikasimame mahakamani niseme mimi si mwenzao?"

"Shangazi, kila mtu na lake."

"Funga domo lako!"

Wakili akamweleza njia nyingine: ashindwe chini, akate rufaa, ashindwe tena, mpaka afike kwa walewale waliosema, maana ni wao tu wanaoweza kujisahihisha. Na hawapendi. "Unaweza kukipoteza chumba, mama."

"Twende huko huko."

Kweli tukashindwa chini. Hakimu alimwonea huruma waziwazi. "Mama, mikono yangu imefungwa."

"Basi nakwenda kwa walioifunga," akamjibu.

Tukashindwa na pale kati. Tulichopata ni zuio tu, wasibomoe hadi rufaa iishe. Mtaani wakasema anatwanga maji kwenye kinu, na muuza mkaa yuleyule aliyetuponza akawa wa kwanza kucheka. Nilimchukia! Hata shangazi nilimkasirikia, kwa sababu tulikula kwa cherehani ile na ile X tuliiona kila asubuhi.

Siku ya hukumu ya mwisho shangazi alimleta kinyozi mwenyewe, akamketisha mbele. Jaji aliyeketi katikati ya wenzake akasoma: "Hatuachi uamuzi wetu kirahisi, maana watu huutegemea. Lakini katika kesi ya kinyozi tulikosea. Iwe kibanda, iwe ghorofa, mwenyewe asikilizwe kwanza."

Vigelegele! Muuza mkaa alilia hadharani, mjinga yule. Huko nje kinyozi akamshika wakili mkono. "Kwa hiyo watanirudishia changu?"

Wakili akatazama chini. "Hapana, mzee wangu. Yako ilishakwisha. Hii ni ya wanaokuja."

Kinyozi akajaribu kucheka, mdomo ukamkatalia.

"Nani kasema imekwisha?" Shangazi akafoka. "Wakili, mtu aliyeshindwa kwa kosa lao, na wenyewe wamekiri, akidai chake wanaamuaje?"

Wakili akafikiri sana. "Sijaona kesi kama hiyo. Hakuna iliyotangulia."

"Vizuri," akasema shangazi, akamshika kinyozi mkono, wakarudi ndani kuuliza dirisha la kufungulia kesi mpya.