Ugomvi wa Marubani Ulipoingia Nyumbani Kwangu

Ipo siku moja ya masika ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo nataka nikuhadithie yote. Nimesikia umepata kazi, nikamshukuru Mungu. Lakini jana ulipokuwa ukinisimulia habari za kazini kwenu nilikusikia ukisema "sisi" na "wale", na wote mnalipwa na tajiri mmoja. Nikasema, huyu nimwite nikae naye.

Enzi hizo Mwingereza bado anatawala, nami nikiwa mke kijana, nimejifungua mtoto wangu wa kwanza. Tulikuwa tukikaa Nguvumali, si mbali na uwanja wa ndege. Mume wangu, Rajabu, alifanya kazi pale uwanjani. Kaka yangu Athumani, tumbo moja baba mmoja, naye alifanya kazi palepale. Ndiye aliyemleta Rajabu kwetu kuja kuniposa. Walikuwa marafiki kabla hawajawa mashemeji, na kila Ijumaa baada ya sala Athumani alikuja kwangu kula bada, ugali wetu wa muhogo, kwa mchuzi wa papa. Nilikuwa nikisonga bada kubwa siku hiyo, maana wale wawili wakikaa pamoja walikula kama watu waliotoka kulima.

Uwanjani palikuwa na kampuni mbili, mama na mwana. Ile kubwa ilikuwa na ndege za kwenda Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam. Ndiyo iliyoizaa ile ndogo, iliyokuwa na vindege vya kwenda Pemba, Unguja na kwenye mashamba ya mkonge. Athumani alikuwa wa kampuni kubwa, akishika funguo za stoo. Rajabu alikuwa wa ile ndogo, akipakia mizigo, na siku nyingine akiruka nayo mpaka Pemba kwenda kuipakua.

Marubani wote walikuwa Wazungu, na wafanyakazi wakawapa majina yao wenyewe. Mkubwa wa ndege kubwa waliyemzoea walimwita Bwana Mluzi, kwa kuwa hakutembea bila kupiga mluzi. Yule wa kindege cha Pemba aliitwa Bwana Ndevu, na hilo sina haja ya kukueleza. Zamani walikuwa wakinywa chai meza moja. Kisha yakaingia maneno.

Wale wa vindege, walipoajiriwa, waliahidiwa kwamba wakitumika vizuri watapandishwa kwenye ndege kubwa, na miaka yao yote itahesabiwa. Ulipofika wakati wa kupandishwa, wa ndege kubwa wakakataa. Anayekuja kwetu, wakasema, aanze nyuma ya wote, hata nyuma ya kijana aliyeajiriwa jana. Wa vindege wakawaka. Sisi ndio tunaotua kwenye nyasi na matope, walisema, leo tuhesabiwe wageni? Basi salamu zikakatika. Bwana Ndevu akiingia kunywa chai, Bwana Mluzi anatoka. Hayo tuliyapata kwa karani wa redio, Mgoa mmoja mpole aliyeitwa Bwana Agostino, aliyekaa nao chumba kimoja na kuwasikia.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Sisemi Wazungu wale hawakuwa na jambo. Walikuwa nalo. Mtu akitumika miaka kisha akaambiwa miaka hiyo si kitu, moyo unamuuma, awe Mzungu, awe nani. Lakini jambo lilikuwa lao. Ajabu ni jinsi lilivyoshuka kutoka kwenye ndege likaja mpaka kwa wabeba mizigo. Watu wa kampuni kubwa wakaacha kuwaazima wale wadogo ngazi. Wale wadogo wakawa wanaweka mikokoteni yao njiani makusudi. Athumani akaanza kukiita kindege cha Pemba panzi. Rajabu akamjibu mbele ya watu kwamba yeye ni mbwa wa Mluzi. Lo! Neno hilo lilimwingia kaka yangu. Ijumaa iliyofuata hakuja, na iliyofuata hakuja. Mimi nasonga bada, linapoa, nampa jirani.

Nikimwambia Rajabu akamtake radhi, anasema, "Atangulie yeye." Nikimfuata Athumani, ananiuliza habari za mtoto tu, halafu anarudi kwenye kazi yake.

Ikafika akika ya mtoto. Mbuzi tumeshampata, watu wameshaalikwa, kesho yake ndiyo shughuli. Na mjomba mtu hajasema kama atakuja. Sikulala vizuri. Rajabu aliondoka alfajiri kwenda kazini, na alasiri nikamwachia mama mkwe mtoto, nikajitanda kanga zangu nikaenda uwanjani kwa miguu. Nilisema moyoni, leo nitamkalia Athumani mpaka akubali, hata kama wenzake watanicheka.

Nilimkuta mlangoni pa stoo. Pembeni yake alikuwapo nyapara wa wote, Mzee Yohana Mhina, Mbondei wa upande wa Muheza, mtu wa kanisa, ambaye kampuni zote mbili zilimtumia. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaniitikia, "Marahaba mwanangu. Mtoto hajambo?" Kisha akajitenga kidogo, ametambua nimekuja na la moyoni.

"Kaka," nikamwambia Athumani, "kesho ni akika. Nani atamshika mtoto akinyolewa?"

Alitazama chini. "Ana baba yake."

"Baba yake anaye. Namuulizia mjomba wake."

Sijui angenijibu nini, kwa maana wingu lilikuwa limeshatufika. Lilitoka baharini, jeusi, likashuka chini mno, na mvua ikaja nalo kwa kishindo. Tukajibana sote kwenye upenu wa stoo. Ndege kubwa ya Bwana Mluzi ilikuwa imeondoka punde tu kwenda Mombasa. Mara Bwana Agostino akatoka chumba cha redio mbio, bila kofia, miwani yake imejaa maji.

"Ile ya Pemba haijibu," akasema. "Redio yake imekufa, na ilipaswa iwe imeshatua. Akitokea juu hapa hatauona uwanja. Nahitaji moto pande zote mbili za njia."

Moto wenyewe ulikuwa madebe ya mchanga uliomwagiwa mafuta ya taa, yanayowashwa kwa utambi wa matambara. Yalikuwa ndani ya stoo ya kampuni kubwa, na funguo zilikuwa mkononi mwa kaka yangu. Watu wote wakamgeukia. Wenzake wa kampuni kubwa wamesimama upande huu, wa ile ndogo upande ule, hata kwenye mvua wamejitenga.

Athumani akasema, "Bwana wa stoo amekataza kutoa kitu cha huku kupeleka kule. Nikifungua bila ruhusa, kazi sina."

Mzee Mhina akamsogelea. Hakupaza sauti, na kwa mvua ile ilibidi tumkazie masikio. "Athumani," alisema, "Mluzi na Ndevu wanagombea kiti cha mbele cha ndege kubwa. Mmoja wao atakikalia. Wewe unagombea kiti gani?"

Akawageukia wale wa kampuni ndogo. "Na nyinyi? Ndevu akipandishwa, nani kati yenu atapanda naye?"

Nikaona wanatazamana. Hapo nami nikapata sauti. Nikasema, "Kaka, Rajabu yumo kwenye ndege hiyo."

Aligeuka kwa ghafla. "Rajabu? Leo kaenda Pemba?"

"Kaenda tangu asubuhi."

Walifanya kazi uwanja mmoja, wakipishana kutwa, na mmoja hakujua kwamba mwenziwe yuko juu ya bahari. Uso wa kaka yangu siku ile sina maneno ya kuueleza. Funguo zilimponyoka mkononi, akaziokota kwenye matope, akafungua. "Shikeni!" akapiga kelele. "Wawili wawili, kila debe! Msimwage mafuta!"

Wakakimbia. Hapakuwa tena na wakubwa na wadogo. Waliyabeba madebe mpaka mwisho wa njia, wakayakinga mvua kwa maturubai na kwa migongo yao mpaka yakashika moto. Mimi nilichana kanga yangu moja nikaitoa iwe matambara. Nilikuwa nikisoma kila dua niliyofundishwa chuo cha Kurani, nyingine naichanganya na nyingine, na karibu yangu Mzee Mhina alikuwa akiomba kwa njia ya kwao, kofia yake ameishika kifuani.

Ndipo Bwana Agostino alipotoka tena. Safari hii alikuwa analia au ni mvua, sijui. "Mluzi amegeuza!" akasema. "Nilimpa habari tu, sikumwomba. Akaniuliza Ndevu alionekana wapi mara ya mwisho. Nilipomwambia, akasema anageuza kwenda kumtafuta."

Kilichotokea huko juu tulihadithiwa baadaye na mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyekuwa abiria katika ndege kubwa. Bwana Mluzi aliwaambia abiria kuna mwenzake amepotea, akashuka chini ya wingu, akafuata pwani kuelekea kusini. Walikiona kindege karibu na mdomo wa mto Pangani, kinazunguka juu ya minazi kama mtu anayetafuta mlango gizani. Bwana Mluzi akapita mbele yake, akatikisa mabawa ya ndege yake, akapunguza mwendo mpaka abiria wakaogopa. Kindege kikamfuata nyuma. Wakarudi hivyo, mmoja mbele, mmoja nyuma, chini kabisa ya wingu, mpaka Tanga.

Sisi tulisikia ngurumo kwanza. Halafu ile kubwa ikatokeza juu ya madebe yanayowaka, ikapita bila kutua, na nyuma yake kikaja kile kidogo. Kiligusa nyasi, kikateleza, kikayumba, kikasimama. Mlango ukafunguka na mume wangu akatoka. Kabla sijamfikia mimi, Athumani alikuwa ameshamfikia. Sikusikia walichoambiana. Niliwaona tu wameshikana mabegani, vichwa vimeinama, na mvua inawapiga.

Ndege kubwa ikazunguka ikatua. Bwana Mluzi alishuka bila kupiga mluzi, akatembea kwenye matope mpaka alipokuwa Bwana Ndevu. Wakasimama wanatazamana. Bwana Agostino alikuwa karibu, akatueleza baadaye walivyosemezana.

Bwana Ndevu alisema, "Mafuta yangu yalikuwa yanakwisha."

"Nilijua," akasema Bwana Mluzi. "Nawe ungegeuza kwa ajili yangu."

Bwana Ndevu akafikiri, kisha akasema, "Jana ungeniuliza hivyo, nisingejua la kukujibu."

Bwana Mluzi akacheka sana, akamshika mkono, wakaingia ndani kunywa chai.

Nisikudanganye, mwanangu, kwamba kila kitu kilinyooka jioni ile. Bwana Mluzi alikwenda Nairobi kwenye mkutano wao, akasema hadharani kwamba miaka ya wale wa vindege ihesabiwe. Wenziwe wengine walimchukia kwa hilo, wakambeza. Walibishana sana. Mwisho wakakubaliana kwamba sehemu ya miaka ile ihesabiwe, ingawa si yote, na Bwana Ndevu alipandishwa. Aliridhika? Alisema inatosha kuanzia. Kaka yangu naye aliitwa na bwana wa stoo akakaripiwa vikali, lakini Mzee Mhina na Bwana Agostino waliingia ofisini pamoja naye wakasimama upande wake, na kazi haikupotea.

Na akika? Athumani alifika mapema kuliko waalikwa wote. Alimshika mtoto akinyolewa, na mtoto akalia, na mjomba akalia pia akasingizia moshi wa jikoni. Rajabu akamwambia mbele ya watu, "Shemeji, lile neno nililokutupia, nisamehe." Athumani akamjibu, "Na mimi panzi nimemrudisha porini." Watu wakacheka. Ijumaa iliyofuata nilisonga bada, halikubaki hata tonge.

Sasa, mwanangu, ninachokuomba ni hiki. Ukiona umenyimwa haki yako kazini, idai. Idai kwenye kikao, kwa adabu, mbele ya wanaohusika, wala usione haya. Bwana Ndevu alikuwa na haki ya kudai. Lakini kabla hujaingia kwenye ugomvi, jiulize ni wa nani, na ukiisha wewe utapata nini. Usichukue chuki ya mkubwa wako ukaipeleka nyumbani kama zawadi. Na hata mnapodaiana, usiikate salamu, kwa sababu ukiacha kumsalimu mwenzako utaacha kujua alipo, na siku akipotea hutajua kwamba amepotea. Ukiwa na funguo za kitu kinachoweza kumwokoa mtu, fungua kwanza, maswali yafuate. Na ukiwa umeshapata nafasi ya mbele, kama Bwana Mluzi, mkumbuke aliye nyuma yako, hata wenzako wakikununia.

Nenda kazini kwako kesho, uwe wa kwanza kumwamkia mmoja wa hao mnaowaita "wale". Mwenyezi Mungu akufungulie riziki ya halali, akulinde uendako na urudiko, akupe wenzako watakaokutafuta ukikosekana, nawe akufanye mtu wa kuwatafuta. Akutoe kinyongo moyoni kikiwa bado kidogo. Amina, mwanangu, amina.