Mshumaa wa Sarafu Hamsini

Nyumba ya Jamleck Kinyanjui pale Kiamunyi, Nakuru, haikujengwa kwa shilingi kumi kumi za watu wa mtaa wa Kaptembwo. Ilikuwa na paa, tangi la maji na ua uliokatwa vizuri miaka kumi na moja kabla mwenyewe hajakunja karatasi yake ya kwanza ya sarafu, na fundi aliyeijenga yu hai, aulizwe. Wanaoeneza maneno hayo kwenye saluni na nje ya kanisa baada ya ibada huongeza kwamba mzee huyo alikuwa akiosha sarafu za wizi kwenye beseni ili zisitambulike. Hilo la beseni lina ukweli ndani yake, ila si ukweli wanaoujua wao. Kwa kuwa Jamleck amelala Elburgon na hawezi kujibu, ni vizuri mambo yaelezwe yalivyokuwa.

Huko Elburgon ndiko alikozaliwa, mtoto wa mpasua mbao. Baba yake alimfanya apime kila ubao mara mbili: siku ulipotoka kwenye msumeno, na tena baada ya wiki kadhaa ukishakauka, ili aone kwa macho yake jinsi unavyopungua. Wateja waliouziwa mbao mbichi walirudi na fremu za milango zilizoachana, na mzee alitaka mwanawe ajue kwa nini. Jamleck alilijua jambo hilo tangu akiwa na miaka tisa. Ndiyo maana kosa lake la baadaye lilimuuma zaidi ya ambavyo lingemuuma mtu mwingine.

Alikuja Nakuru kijana, akaingia kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, akakaa hapo miaka thelathini na minne akikata karatasi na kuunga majalada. Alijua unene wa karatasi kwa kuifinya kati ya vidole viwili, na akishasema, hakuna aliyekwenda kuipima tena. Alioa mwalimu aliyepanda hadi naibu wa mwalimu mkuu, wakapata binti mmoja, Wariara. Siku ya kustaafu alipewa saa ya ukutani. Aliipokea, akashukuru, kisha akamfuata meneja ofisini akaomba abadilishiwe apewe ile mashine kuukuu ya kukatia karatasi, ya mkono, iliyokuwa ikipata kutu stoo. Mkewe alidhani ni ya kuwekea vyungu vya maua.

Kila Jumamosi Jamleck alipeleka mahindi kusagwa Kaptembwo, kwa Cheptanui, mama mwenye duka la jumla na mashine ya posho upande wa nyuma. Siku mambo haya yalipoanza, alitoa noti na kusubiri chenji yake ya shilingi kumi.

"Mzee, chenji hakuna. Chukua switi mbili."

"Mama, wiki iliyopita ulinipa switi. Ile nyingine ukanipa kibiriti. Mimi sivuti sigara, na meno yangu yamebaki kumi na tisa."

"Basi chukua kibiriti upelekee Mwalimu. Yeye si anawasha jiko?"

Foleni ilicheka, naye akacheka, akakitia kibiriti mfukoni. Lakini alipopitia sokoni na kuingia choo cha kulipia, alimkuta mlinzi wa choo hicho, Khisa, amekaa kwenye stuli akiwa amezungukwa na soksi sita zilizofungwa fundo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, Khisa aliweka sarafu za wateja kwenye soksi kuukuu.

"Hizi zote unapeleka wapi?" Jamleck akamuuliza.

"Siendi nazo popote, mzee. Nikipeleka dukani wananiambia nihesabu mbele yao, moja moja, na huku watu wananisukuma. Nikimaliza wananishikia pua."

Jamleck alimtazama, akazitazama soksi. Upande mmoja wa barabara mama wa watu alikuwa akigawa switi kwa kukosa shilingi kumi. Upande wa pili mtu alikuwa amekalia shilingi kumi mia kadhaa asizoweza kuzitoa. Kilichokosekana katikati kilikuwa karatasi tu. Alimwomba Khisa amwazime soksi moja.

Alianza kesho yake baada ya chakula cha mchana. Karatasi ya daftari ilichanika. Gazeti lilichafua vidole. Akatumia karatasi ya kaki, mikunjo miwili, gundi ya unga wa ngano. Kalibu ya kuviringishia alichongewa na mpwa wake wa Elburgon: kijiti cha saipresi iliyokauka vizuri, kinene kuliko sarafu ya kumi kwa upana wa unywele. Kwenye bomba lililotoka hapo, sarafu ya kumi iliteremka bila kusukumwa, lakini ya shilingi moja ilikataa kuingia. Shilingi moja ni pana kuliko shilingi kumi, jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wazilaze pamoja. Kwa hiyo hakuna mjanja ambaye angeficha shilingi moja moja katikati. Jamleck alifurahi hata akamwita mkewe kutoka bustanini aje aone sarafu ikikataa.

Ilibaki kupata urefu. Alitaka bomba la sarafu hamsini, lilingane na noti ya mia tano. Hapo ndipo alipoileta soksi mezani.

"Baba Wariara, hizo zimetoka wapi?" mkewe akauliza.

"Sokoni."

"Sokoni wapi?"

"Kwa Khisa."

"Khisa wa chooni."

"Huyo huyo, Mwalimu."

"Hazitagusa meza yangu."

Mkewe aliishika soksi kwa vidole viwili, akaimwaga kwenye beseni la maji moto na sabuni, akazisugua sarafu moja moja kwa mswaki mkuukuu, kisha akazianika juu ya kitambaa kwenye veranda. Jirani aliona beseni na sarafu kutoka ng'ambo ya ua. Hilo ndilo beseni linalosemwa.

Zilipokauka Jamleck alipanga hamsini zikiwa zinang'aa, akapiga alama ya penseli, akakata. Ncha zote mbili alizifunga kwa kifuniko kigumu cha kadi. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake: asiyetaka kuhesabu hana haja ya kuhesabu. Bomba likijaa ni hamsini.

Alimpa Khisa mabomba mia moja. Watu wa soko waliyaita mishumaa, kwa umbo lake. Cheptanui alipopewa wa kwanza aliupima mkononi, akaugongagonga kwenye kaunta, akatoa noti ya mia tano bila kuhesabu. Switi zikarudi kuwa za watoto. Wiki ya pili muuza samaki alitaka mishumaa yake, na wiki ya tatu kondakta mmoja akaja hadi Kiamunyi kuuliza kama ipo ya shilingi ishirini.

Wiki ya nne msambazaji wa mikate alifungua mmoja dukani kwa Cheptanui ili apate chenji, akahesabu arubaini na tisa.

Jumatano hiyo Jamleck alitumiwa habari aende Kaptembwo. Aliikuta mishumaa kumi na miwili imepasuliwa kwenye kaunta, sarafu zimepangwa mafungu, na foleni nzima imetega masikio.

"Hii arubaini na tisa," Cheptanui alisema akigusa mafungu kwa kidole. "Hii arubaini na tisa. Hii arubaini na nane. Mzee, ni wewe ama ni mtu wa choo?"

"Niachie mpaka Jumamosi, mama."

"Jumamosi saa nne. Usipokuja na maneno ya kueleweka, napeleka kwa kikundi cha soko. Khisa atatoka pale kwa choo. Na wewe sitakuita mzee tena, nitakuita jina lako mbele ya watu."

"Kumbe wazee wa Kiamunyi pia wanakula ashuu, kumi kumi za watu," kijana mmoja akasema nyuma, na safari hii Jamleck hakucheka.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Kwa miaka thelathini na minne hakuna mtu aliyepima baada yake. Sasa, akiwa na mvi, alikuwa na siku tatu za kuthibitisha kwamba si mwizi wa shilingi kumi.

Mkewe alimsikiliza hadi mwisho.

"Ni huyo mtu wa soksi," akasema. "Waambie hivyo. Atoke, nasi jina letu litoke humo."

Jamleck alichukua bomba jipya na zile sarafu zilizooshwa, akazitia. Hamsini kamili, hakuna iliyozidi wala nafasi iliyobaki. Akazimwaga, akarudia. Hamsini. Kipimo kilikuwa sawa, na kama kipimo ni sawa, basi kuna mkono unaopunguza. Alhamisi yote aliamini kwamba mkewe alisema kweli, wala hakuona raha kwa kuamini hivyo.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa Khisa. Hakumshutumu. Alimwambia tu, "Nijazie mmoja nikiona."

Khisa alikuwa amekwisha kusikia. Alifungua soksi, akaanza kutia sarafu taratibu, akihesabu kwa sauti ili mzee asikie. Alipofika arubaini na tisa, bomba lilikuwa limejaa pomoni. Aliisukuma ya hamsini kwa kidole gumba, nayo ikabaki imechungulia nje.

"Ndivyo hujaa, mzee," akasema. "Ikibaki moja narudisha kwa debe hili la chini ya stuli. Wewe ulisema ikijaa ni hamsini, nami sikutaka kubishana na mtu wa mashine."

Jamleck alitoa mfukoni zile zake zilizong'aa, akamwekea kiganjani.

"Hizi ni za benki?" Khisa akauliza.

"Ni zako."

"Zangu? Zangu haziko hivi. Zangu zimepita kwa omena, zimepita kwa mafuta ya mandazi, zimelala kwa posho. Angalia."

Jamleck aliichukua sarafu moja ya Khisa, akaifinya kati ya vidole viwili kama alivyokuwa akifinya karatasi. Ilikuwa na ganda. Unga na mafuta vilikuwa vimegandamana kuzunguka maandishi, utando mwembamba usioonekana kwa macho, lakini ukilaza sarafu hamsini pamoja utando huo unakula nafasi ya moja, pengine mbili. Alikuwa amepima kitu katika hali ambayo hakuna mtu anayekitumia. Baba yake angemtazama tu, kama alivyomtazama zamani penye rundo la mbao mbichi.

"Nani aliziosha?" Khisa akauliza.

"Twende tuhesabu debe," Jamleck akajibu.

Sarafu zote zilizopungua kwenye mishumaa zilikuwa mle debeni. Khisa hakuwa amegusa hata moja.

Mchana huo Jamleck alikaa kwenye mashine yake. Vifuniko vya kadi alivitupa. Karatasi aliirefusha pande zote mbili, na ncha akaziacha laini ili zikunjwe kwa ndani mpaka zilalie sarafu, popote sarafu zilipoishia, kama muuza karanga anavyofunga karatasi yake. Kisha akakata ufa mwembamba ubavuni, kutoka juu hadi chini. Kingo za sarafu za kumi zilionekana humo zikiwa za njano, na ukipitisha kijiti cha kibiriti kwenye ufa, kinaruka kutoka sarafu hadi sarafu, na unahesabu bila kufungua. Kibiriti kilikuwepo nyumbani. Kilikuwa kile cha Cheptanui.

Jumamosi saa nne foleni ilikuwa ndefu kuliko mahindi yaliyoletwa. Khisa alisimama kando ya mlango na kopo la sarafu za kufidia. Jamleck aliweka mishumaa miwili kwenye kaunta, wa zamani na mpya, akaeleza.

"Kosa ni langu, si la Khisa. Nilipima sarafu safi. Hizi za kwetu zina uchafu, zinajaza kabla ya hamsini. Zilizopungua ziko hapa, zote."

"Safi ulizitoa wapi?" Cheptanui akauliza.

"Zilioshwa."

"Nani anaosha pesa ya choo, mzee?"

Jamleck aliinua macho. Mlangoni, nyuma ya watu, mkewe alikuwa amesimama na kikapu mkononi.

"Mimi," akasema.

Walicheka mpaka wengine wakashika magunia. Cheptanui hakucheka. Alichukua kijiti, akakipitisha kwenye ufa wa mshumaa mpya, midomo ikihesabu. Alipofika mwisho alirudia kutoka chini kwenda juu. Kisha akatoa noti ya mia tano, akaiweka mbele ya Khisa.

"Mzee," akasema, "leta mia mbili ya hii. Na uache kuosha."

Mshumaa huo wa ufa ndio unaotumika mpaka leo. Jamleck aliukunja kwa miaka mitatu zaidi, na hakupata utajiri. Alipata bei ya karatasi na faida ndogo juu yake. Mwaka juzi mapafu yalimshinda. Khisa ameachana na choo. Mashine ya kukatia iko kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya Kiamunyi, na yeye ndiye anayeishika, pamoja na akina mama wawili wa Kaptembwo wanaoviringisha kwa kijiti kile kile cha saipresi. Wariara huipeleka mishumaa kwa gari lake Elburgon, na siku hizi hadi maduka ya Ndabibi. Mwezi uliopita Khisa alitengeneza wa shilingi ishirini. Kabla ya kuukata alizikusanya sarafu kutoka kwa muuza samaki, zikiwa na uchafu wake wote, akazipanga juu ya meza ya chakula ya Mwalimu, na hakuna aliyemzuia.

Basi anayetaka kusimulia habari za beseni asimulie hivi. Aliyeosha sarafu zile alikuwa mke wa Jamleck. Jamleck alijitwika mbele ya foleni nzima, na maneno yote ya wizi yaliota kutoka kwa neno lake moja alilolisema ili mwingine asichekwe. Mkewe alilisikia, akageuka na kikapu chake, akaenda nyumbani. Watu watauliza kwa nini hakusema kitu siku ile, wala mwaka ule, wala siku ya mazishi. Waulize. Jibu hawatalipata hapa, na wakija kubisha mlangoni Kiamunyi watapewa chai tu.