Mistari Niliyoisahihisha

Kila Desemba mama alichora ukuta wa nyumba yake kwa kidole kimoja, kwa udongo mweupe na mwekundu. Hakuchora mtu wala ng'ombe, ni pembetatu na almasi tu. Watu wa kanisani walipomuuliza kwa nini hata msalaba hachori, alijibu kwamba sura ya Mungu haijui, ila anajua kifua kinavyoingia mwanga mtu akitulia. Maneno hayo niliyasikiliza juujuu.

Alipofariki sikulia. Nafundisha hesabu Homa Bay, na wiki iliyofuata nilikuwa darasani nikieleza pembe. Wenzangu walinisifu kwa kujikaza. Sikuwa nimejikaza, sikuhisi kitu.

Kwetu Nyatike nyumba ya marehemu haikarabatiwi, huachwa ianguke yenyewe. Basi kila Jumamosi nilikwenda kunakili ule ukuta kabla ya mvua, kwenye vipande vya plaiwudi vinavyoenea kiganjani. Nilitaka kubaki na mwanga wake, hata kidogo. Nilichora kwa rula. Safu ya chini, aliyoichora mwisho, ilikuwa na mistari mifupi isiyofika kwenye pembe, almasi zote ziko wazi. Nikaona alikuwa amechoka, nikamfungia almasi hizo. Mwalimu hawezi kuona kosa akaliacha.

Mvua ikaja. Safu ya chini ndiyo iliyomomonyoka kwanza.

Nilimpelekea vile vipande mke mwenza wa mama, ambaye naye namwita mama. Yeye ndiye aliyekuwa akimkorogea udongo. Akavigeuza kimoja kimoja.

"Ni safi," akasema. "Lakini hakuna mtu ndani. Nyathina, mtoto wangu, hii umepima na rula?"

"Ndiyo, mama."

"Yeye hakuwa anapima. Alikuwa anaomba. Anavuta pumzi, anaweka kidole kwa ukuta, pumzi ikiisha anatoa kidole. Mstari moja, pumzi moja." Akakirudia kipande cha safu ya mwisho. "Ile ya chini ilikuwa fupi, si ndiyo? Mimi niliona. Nikaogopa kusema."

Nikakumbuka kikohozi cha mama cha Desemba ile ya mwisho. Nilikisikia kwenye simu, nikamwambia anywe maji moto, nikarudi kusahihisha mitihani.

Nilingoja machozi, hayakuja. Niliichukia rula tu, na mkono ulioishika.

Udongo mweupe ulikuwa umebaki kwenye mkebe wa marehemu. Niliulowesha, nikachukua kipande kitupu, nikakaa mbele ya kile kilichobaki cha ukuta. Nilitaka mstari mmoja tu mfupi kama wake, wa kurudisha ule niliourefusha kwa rula. Nikavuta pumzi, nikaweka kidole. Mstari ukaenda, ukaenda, ukafika ukingoni mwa ubao, na bado nilikuwa na pumzi.