Babu wa Saba na Kichwa Changu

Wakosaji ni wawili, nawataja mapema kabla sijasahau, maana siku hizi nasahau. Wa kwanza shemegi yangu, mume wa dada yangu, nahodha wa timu yetu ya hoki ya barafu hapa Maskati. Ndiyo, barafu. Nje watu wanaiva kama mishikaki, sisi ndani tumevaa masweta tunapigana magongo. Wa pili marehemu babu yangu, aliyenikaririsha majina ya ukoo wetu kwa bakora kabla sijajua kusoma. Kusoma kwenyewe sikufika mbali.

Mimi nilikuwa golikipa. Siku hiyo mshambuliaji aliniparamia, kisogo kikagonga mlingoti wa goli. Nilipofumbua macho, taa moja naiona mbili. Shemegi akaniinamia na kipimo chake, ndicho timu nzima ilichokitumia.

"Taja baba, babu, mpaka wa saba."

Nikawataja wote bila kituo.

"Mzima huyu. Arudi golini."

Hata mngenikata kichwa ningewataja. Wale mababu hawakai kichwani, wanakaa ulimini. Hakuna aliyeniuliza tunacheza na nani.

Nikafungwa manne upesi upesi. Kile kisahani cha mpira tunachokipiga kwa magongo nakiona kikishaingia. La mwisho niliruka upande mwengine kabisa. Watu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikatapika ndani ya helmeti.

Daktari wa mtaa wa Azaiba akanipumzisha miezi. Niliporudi, miguu ileile, kasi ileile, lakini jicho na mkono hawasemezani.

"Umezeeka tu, shemegi," nahodha akaniambia.

"Nimezeeka siku moja?"

Nafasi yangu akampa muuza vitunguu wa soko la Mawaleh. Mimi nikapewa chupa za maji nizigawe.

Ramadhani hii, mazoezini alasiri, akaanguka yeye. Kichwa kikalia paa kwenye barafu. Akakaa kitako, na bila kuulizwa akaanza: baba, babu, baba wa babu.

"Waache marehemu wapumzike," nikamwambia. "Leo mchana umekula nini?"

Akafikiri. "Wali kwa kuku."

Sote tumefunga, na yeye ndiye anayetusimamia tusionje hata maji. Nikamvuta nje, nikaanza kumfungua kamba za viatu.

"Niache nirudi. Nahodha mimi."

"Nahodha wa wali."

Akanitukana mimi, na babu zangu wote saba kwa mpangilio, hakukosea hata mmoja. Nikamvua viatu vyake nikavikalia, visu vya chini ya soli vikinichoma, mpaka dada yangu alipokuja kumchukua.