Mama Disketi Agoma Kufuta Chumba cha Mjane

Saa tatu asubuhi, Mama Disketi amekwisha kupuliza vumbi tumboni mwa kompyuta kuukuu. Anarudisha kifuniko, anaiwasha, anasubiri. Kioo kinazubaa kama mtu aliyekatishwa usingizi, halafu swali linajitokeza: zamani, ili kupiga simu, ulizungusha nini?

"Hilo ni la kuzuia watoto," anasema huku akiandika jibu. "Siku hizi linazuia hata wenye ndevu."

Mchezo unaoanza unaitwa *Mjane wa Chumba cha Juu*. Ni wa watu wazima, na hafichi. Mchezaji ni mchumba mwenye maneno mengi anayemtafuta mjane katika nyumba ya wageni. Anaandika amri, mjane anamjibu, na mara nyingi majibu yanamwacha mchumba hana pa kuweka uso.

Majibu hayo aliyatunga Mama Disketi mwenyewe akiwa karani kijana. Picha alizichora rafiki yake, mchoraji wa mabango ya maduka, kijimraba kimoja kimoja. Rafiki huyo ameshafariki. Kazi zake nyingine zilififia ukutani au zikapakwa rangi juu. Zilizobaki zimo humu.

Mama Disketi anakula kwa kutengeneza printa na kubadilisha vitufe vya kibodi, katika chumba cha mbele anachopanga kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Siku nzuri huja wateja wanne. Siku mbaya haji hata wa kuulizia njia.

Balaa lilianzia kwa jirani, fundi cherehani. Alicheza hapa, akacheka mpaka akashika mbavu, akaomba nakala. Alikuwa ameona kinachotokea mchumba anapofika chumbani: picha inatokea, pazia linaanguka papo hapo, kicheko kinasikika nyuma yake, kisha kunakucha. Basi akauweka kwenye kompyuta yake mpya na kuuwasha sebuleni, mama mkwe wake ameketi kochini. Alijua pazia litamsitiri.

Pazia halikumsitiri. Kicheko cha mjane kinakwenda kwa saa, kwa hiyo kilidumu vilevile. Pazia linakwenda kwa mwendo wa kompyuta, na kompyuta mpya ina mbio. Lilishuka na kupanda kabla jicho halijapepesa. Watu wawili wa vijimraba wakabaki kitandani bila shuka, mjane anacheka, fundi anagonga kibodi nzima kama anayeua siafu.

"Tulipoutengeneza tulijua kompyuta moja tu," Mama Disketi anaeleza. "Hatukuwaza kama itakuja yenye haraka hivi."

Mama mkwe alitoka pale moja kwa moja hadi kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba, yaani yule shemeji, akampa Mama Disketi mpaka mwisho wa mwezi: afute mchezo au ahame.

Mama Disketi alilirekebisha pazia. Alilifunga na saa, likaanza kushuka kwa utulivu kwenye kompyuta yoyote. Akamwita shemeji yake ajionee. Mzee alitazama, akakohoa, akakubali kwamba hakuona kitu. Lakini watu walikuwa wameshasema, na yeye ana heshima yake mtaani. Akaja na suluhu: pazia libaki, chumba kiondolewe.

"Pazia bila chumba linafunika nini, shemeji?" akamuuliza.

Mzee akamwambia taratibu kwamba mwanamke aliyefiwa hapendezi na mambo kama hayo. Hapo, anasema fundi aliyekuwepo, Mama Disketi alizima kioo na kusimama.

"Tangu kaka yako afariki naambiwa mjane akae hivi, acheke hivi, anyamaze hivi. Nimewasikia. Huyu wa humu hanyamazi, na sitamnyamazisha mimi niliyempa maneno. Chumba nakuachia. Chake sikigusi."

Leo anahama. Fundi cherehani amempa kona karibu na dirisha, ingawa mama mkwe bado hamsemeshi. Mwenye nyumba alishauri vyombo vipitie mlango wa nyuma, watu wasipate la kusema. Mama Disketi ameikumbatia ile kompyuta nzito na kutoka nayo mlango wa mbele, hatua fupi fupi, akisalimia kila anayemkodolea macho.

Anakiri kwamba hajui kama wateja watamfuata. Ila ana mpango. Anaandika mchezo wa pili, na safari hii mjane ndiye anayemiliki nyumba ya wageni. Picha atajifunza kuchora mwenyewe, hata zikitoka mbaya.

Shemeji yake anamfuata hadi barazani na kibodi aliyoisahau. Anaikabidhi, anaangalia pembeni, anauliza kwa sauti ya chini kama na huo utakuwa na chumba cha kulala.

"Viwili," anajibu Mama Disketi, na kuendelea na safari.