Taa Isiyozimika

Siku hizi gerejini hakuna anayetukana magari. Nyundo zinalia, kompresa inakoroma kama mtu mwenye mafua, lakini ile sauti kali iliyokuwa ikitoka chini ya dashibodi, "Sema ukweli, mwanaharamu wewe, waya wako umeliwa wapi," haipo. Mafundi wa injini wanasema wamepata utulivu. Hilo wanalisema kwa kunong'ona, maana kaka wa mwenye sauti hiyo hayuko mbali.

Mwenye sauti hiyo walimwita Mita, kwa sababu ya kipimo cha umeme alichokining'iniza shingoni kama mkufu. Gereji ilikuwa ya kaka yake, na yeye ndiye aliyekuwa fundi umeme pekee. Ugomvi wao ulikuwa mmoja, wa tangu na tangu. Kaka alishika msemo wake: taa ikizima, gari limepona. Taa ya onyo ikiwaka, alichomoa plagi au alikata waya, mteja akaondoka anacheka. Mafundi waliita kazi hiyo kufumba jicho. Mita aliiita uongo, na kila alipoikuta aliifumua, hata kama mteja amekaa ndani anahema kwa hasira.

Asubuhi moja likaja gari la shule ya chekechea. Taa ya mlango wazi ilikuwa haizimi hata milango yote ikifungwa. Dereva, mtu wa maneno mengi, alisema taa imewehuka.

"Taa haiwehuki," Mita akamjibu. "Mlango umeufunga?"

"Nimeubamiza mpaka umelia, dada fundi. Ulitaka niubusu pia?"

Kila mlango una swichi yake ndogo. Mlango ukiwa wazi, swichi inaupa umeme njia na taa inawaka. Ukifungwa, swichi inabonyezwa, njia inakatika. Mita akachomoa plagi za swichi hizo moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye mlango wa kusukuma, ule wa ubavuni wanaopandia watoto, taa ikazima.

"Si hiyo hapo?" kaka yake akasema, akiwa ameegemea tairi. "Mpe mtu gari lake."

"Nimemjua anayelia, kaka. Sijajua anacholilia."

Akaweka kipimo chake kwenye swichi, akaibonyeza kwa kidole. Njia ikakatika. Akaiachia, ikarudi. Swichi ilikuwa nzima kabisa. Ndipo akausukuma mlango polepole, tochi mdomoni, akaona. Ulimi wa kitasa ulikuwa umelika, ukishika kwa ncha tu, na mlango ulikuwa ukisimama kabla ya kuifikia swichi. Taa haikuwa na kosa lolote. Ilisema mlango haujafungwa, na kweli haujafungwa.

"Lisiguswe," akasema. "Nakwenda kwa wauza vipuri kutafuta kitasa."

Aliporudi na kitasa kilichofungwa kwenye gazeti, mahali pa gari palikuwa na doa la mafuta tu.

"Liko wapi?"

"Watoto walikuwa wanasubiri," kaka yake akasema, akinawa mikono.

"Plagi umeirudisha?"

"Niirudishe taa iwake tena? Mdogo wangu, kichwa chako kina nini?"

Damu ilikuwa imempanda Mita mpaka masikioni. Alikimbia na ovaroli lake lenye grisi, watu wakimpisha njia kama kichaa, mpaka lango la shule, ambako gari lilikuwa limejaa na linaanza kutoka. Akasimama mbele yake.

"Mita, umechoka kuishi?" dereva akafoka.

"Zima gari."

"Kaka yako kasema limepo..."

"Nimesema zima."

Mtoto mmoja alikuwa ameulalia ule mlango, shavu limebandikwa kwenye kioo. Mita akamwomba mwalimu amsogeze. Kisha, bila kushika mkono wa mlango, akaupiga kofi moja. Mlango ukafunguka, ukateleza mpaka mwisho.

Wazazi waliokuwa langoni wakasogea. "Nani kalitengeneza hili?" mwalimu akauliza.

"Gereji ya kaka yangu."

Jioni mama yao aliwaita. Hakuuliza habari za mlango.

"Ungesema limeharibika tena," mama akasema. "Kumtaja ndugu yako mbele za watu kulikuwa na haja gani?"

"Mama, mtoto alikuwa ameuegemea."

"Lakini hakuanguka."

"Aje aombe radhi mbele ya mafundi," kaka yake akasema, akimtazama mama tu, kana kwamba Mita ni kiti. "Yaishe."

Mita aliwatazama wote wawili. Mjini kulikuwa na magari mangapi ambayo kaka yake aliyafumba jicho? Hata kaka mwenyewe hakuijua idadi yake. Yalipita kila siku, yamejaa watu, dashibodi kimya.

"Nitaomba radhi," akasema, "siku utakayoyaita magari yote uliyoyafumba jicho yarudi."

Kaka yake akacheka. Mama hakucheka, lakini pia hakusema neno, na hilo ndilo lililomchoma Mita zaidi. Kesho yake alibeba sanduku lake la vifaa na hakuaga.

Shule ililihamishia gari lake gereji nyingine. Mita sasa ni fundi umeme wa karakana ya malori nje ya mji, zamu ya mchana. Kaka yake hajaajiri fundi umeme mwingine; taa ya onyo ikiwaka, bado anachomoa plagi.